Ukurasa wa Tatu

Ulemo, Iramba
11 Mei 2025

Mwanangu Christopher,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo tumeshazoeana. Agripina hajambo? Na Peniel meno ya mbele yameshaota? Baba yako mzima, bado anaamka kabla ya jogoo na kuanza kugombana na injini. Alizeti tumevuna, si haba.

Utajiuliza kwa nini shangazi yako anakuandikia barua kama mwalimu wa zamani. Simu yangu ilikufa Pasaka. Ya baba yako unaijua, akipokea anaweka sauti ya juu, nyumba nzima isikie na jirani naye. Ninayotaka kusema hayafai kusikika hivyo. Kwa hiyo nampa kondakta barua pale Misigiri, na zako zitue dukani kwa Deo, mtu wa kwetu akipita ataniletea.

Jambo lenyewe ni hili. Mashine haina watu. Mwaka juzi wakati kama huu magunia ya alizeti yalipangwa mpaka barabarani, na wenye magunia wakalala juu yake wasipitwe zamu. Mwaka huu tangu msimu uanze tumekamua magunia tisa. Watu wanapita mlangoni na baiskeli zimejaa, wanatusalimu kwa adabu zote, kisha wanaendelea mpaka mashine ya ng'ambo ya mto.

Baba yako mkubwa Stefano ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya tarehe 30 Agosti. Mashine babu yenu aliinunua kwa ng'ombe wa wote, na Stefano anasema chuma kilicholala kiuzwe pamoja na kiwanja. Mnunuzi ameshapatikana. Chumba ninacholala kimeegemea ukuta wa mashine hiyo hiyo. Nina miaka hamsini na nane, Christopher, nilisharudi kwetu mara moja, na hakuna kwetu kwingine kwa kurudi.

Krismasi ulituambia kwamba ofisini mnatumia akili mnemba kutatua matatizo ya biashara, na semina mlipewa. Nilikucheka mbele ya watu. Leo sicheki. Iulize.

Shangazi yako,
Damari


Manyoni
19 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na Agripina anakuamkia. Peniel ameota mawili, anatung'ata wote bila ubaguzi. Huku ghalani kazi ni nyingi, mpunga unaingia.

Usiogope, Shangazi. Tutaliokoa hili. Ila elewa kwanza, akili mnemba si mganga, haipigi ramli. Ukiiuliza "tufanyeje?" itakujibu maneno matamu yasiyo na kazi. Kwenye semina walitufundisha kuipeleka kwa hatua. Kwanza unalitaja tatizo kwa sentensi moja. Kisha unalipasua kama mti: hili ni shina, haya matawi. Kila tawi unaliuliza "kwa nini?" mara tano, kila jibu linazaa swali. Tawi linaloonekana na uzito unalijaribu kwa jambo dogo kabla ya kutumia nguvu kubwa.

Nimeanza nayo. Imeniambia inahitaji sauti za wateja wenyewe. Naomba uende kwa watu ishirini waliokuwa wakikamua kwetu, uwaulize kwa nini hawaji. Andika kila neno, usichuje.

Baba usimweleze sana. Unamjua.

Mwanao,
Christopher


Ulemo
8 Juni 2025

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Baba yako amewapa majina ya wakwe zake, nami nimekataa kuyatamka.

Nimemaliza kazi uliyonipa. Nimetembea siku nne na goti hili. Nilikwenda na baba yako, maana si adabu niingie nyumba za watu peke yangu na daftari kama karani wa kodi, na tena wateja ni wake, wengine aliwafundisha kipaimara. Alifurahi kweli. Kila nyumba tulipewa viti na chai. Nikauliza, wakajibu, yeye akashika daftari.

Kumi na mmoja wamesema barabara ya kuja kwetu imeharibika. Watano wamesema mwaka huu alizeti yao ni kidogo (nimeiona imeanikwa uani, si kidogo). Watatu wamesema watakuja wiki ijayo. Na yule mjane wa bondeni, Sikudhani, alisema barabara, kisha akaingia ndani kutafuta sukari na hakutoka mpaka tulipoaga.

Hayo ndiyo majibu. Mpe mnemba wako. Na umwambie asichelewe, kwa maana jana Stefano alipita na mnunuzi, wakapima kiwanja kwa hatua huku nikianika mashudu ya alizeti. Nilisalimiwa kama mgeni.

Damari


Manyoni
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Sisi wazima.

Umefanya kazi ambayo hata maofisa wetu hawaiwezi. Nimeingiza majibu yote ishirini, tukajenga mti pamoja, mimi na hiyo akili. Nimekuchapishia na kuweka ndani ya bahasha. Utaona tawi zito ni barabara, zaidi ya nusu ya watu wamelitaja. Kwa nini hawaji? Barabara mbovu. Kwa nini barabara inawazuia? Baiskeli haibebi gunia kwenye makorongo. Basi gunia lisibebwe na baiskeli. Kodini guta la magurudumu matatu liwafuate wateja nyumbani, lirudishe mafuta mlangoni kwao. Lijaribuni mwezi mmoja.

Shangazi, nina imani. Usimwache baba akate tamaa.

Christopher


Ulemo
20 Julai 2025

Christopher,

Hamjambo. Sisi tupo. Upepo wa mwezi huu umetupasua midomo, na kuku wangu kumi na wawili wameondoka kulipia guta. Siwalilii, nakujulisha tu.

Guta limezunguka wiki tatu. Limeleta gunia moja, la Mzee Calist, ambaye ni kiziwi na habari za watu hazimfikii. Wengine wote walimpa dereva maji ya kunywa wakamshukuru, wakasema labda kesho. Mmoja alimwambia barabara ni mbaya, guta likiwa limesimama mlangoni kwake. Barabara gani hiyo isiyopitika na chombo kimeshafika?

Nimesoma karatasi zako mpaka zimechakaa. Chini zina namba. Kuna ya kwanza, ya pili, kisha ya nne. Ya tatu iko wapi?

Baba yako anakaa kwenye kiti mlangoni pa mashine tangu asubuhi, injini imezimwa, kofia kichwani kama anayesubiri basi. Juzi alikunywa maziwa yaliyoharibika, kibuyu kizima, mimi nikiwa nimeziba pua, akasema ni matamu. Lakini hayo si ya barua hii.

Zimebaki wiki sita.

Damari


Manyoni
27 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tupo salama. Peniel alikuwa na homa, amepona.

Ukurasa wa tatu ulikuwa mchoro tu, printa yetu iliishiwa wino. Haukuwa na la maana.

Nimerudi kwenye mti. Labda tutangaze kanisani. Labda tupake rangi ukuta, akili mnemba imesema mwonekano nao una mchango. Nitakutumia mpango kamili.

Ile habari ya maziwa sikuielewa.

Christopher


Ulemo
10 Agosti 2025

Mwanangu Christopher,

Salamu. Leo sina habari za mbuzi.

Umeielewa habari ya maziwa. Mtu aliyelelewa na baba yako haielewi vipi? Wewe ndiye uliyekuwa unasimama miguuni pake wakati anafungua kila dumu kabla halijatoka, anainama, anafumba macho, ananusa, halafu anampa mwenyewe mkono na kusema, "Haya, nenda ukale." Watu walikuja kwa ajili ya huo mkono. Mafuta ya baba yako Eliya hayakuhitaji kuonjwa mara ya pili.

Tangu yale mafua ya mwaka juzi baba yako hasikii harufu yoyote. Mbegu yenye ukungu anaipitisha. Mafuta yaliyoungua anayapitisha. Nilimwona mimi, nikanyamaza. Nilikuwa nachambua mbegu nyuma yake kwa siri, naondoa mbovu kabla hajafika.

Mwaka jana mwishoni mwa msimu dumu la Sikudhani lilikuwa linavuja. Nikakimbia nyuma nikamletea jingine. Nililitoa chumba cha injini, Christopher. Lilikuwa la dizeli. Baba yako akalijaza, akainama, akanusa, akampa mkono. Mimi nikalibeba mpaka kwenye baiskeli, na njiani harufu ikanipanda mpaka kichwani. Nikasimama. Mlangoni kulikuwa na watu saba, na kaka yangu ameshasema nenda ukale. Nikalifunga kwa mpira, nikamwambia Sikudhani safari njema.

Yule mwanamke ana watoto wanne. Sijui kama walikula. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na bado nilikwenda mlangoni kwake na daftari kumuuliza kwa nini haji.

Nimeandika uchafu wangu wote. Sasa na wewe nipe ukurasa wa tatu.

Damari


Manyoni
14 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako chooni ofisini, kwa sababu ndiko kuna mlango unaofungwa.

Ukurasa wa tatu uko ndani ya bahasha. Uwe na subira unapousoma. Tangu tulipojenga ule mti akili mnemba iliniambia haiamini majibu ya barabara. Iliuliza nani alikuwepo wakati watu wanajibu. Ikasema watu wanaofanana sana katika majibu mara nyingi wanamlinda mtu. Ikataka kujua nani anayeidhinisha mafuta, na kama uwezo wake wa kunusa umewahi kupimwa. Ikapendekeza jaribio la dakika mbili: vyombo viwili, kimoja safi, kimoja kibovu, achague bila kuambiwa.

Niliusoma nikausukuma chini ya droo. Nikarudi kwenye kompyuta nikaandika, "Tawi la mtu anayeonja liondoe, hilo halina tatizo." Ikaniuliza nina uhakika? Nikaandika ndiyo. Ikatii. Ndipo ikanipa guta.

Nilijua, Shangazi. Krismasi nilimvisha shati langu lililomwagikiwa petroli kwa utani, akanishukuru. Ningewezaje kumchapishia baba yangu karatasi inayosema yeye ndiye tatizo?

Nisamehe. Kufanya jaribio lile siwezi, na kuja siwezi.

Christopher


Ulemo
24 Agosti 2025

Christopher,

Tumeamka. Nimekusamehe, kwa sababu tumeiba sote wawili kwenye chungu kimoja.

Jana asubuhi nilifanya. Nilimimina mafuta safi kwenye bakuli moja, na jingine nikalichanganya na dizeli mpaka macho yangu yakatoa machozi. Nikampelekea kaka yangu pale kwenye kiti. Nikasema, "Kaka, nichagulie ya kukaangia mboga." Nilimtega kama kanga, na Mungu ananiona.

Akavua kofia. Akanusa la kwanza, amefumba macho, taratibu, vile vile. Akanusa la pili. Akasema, "Yote mazuri. Ila hili la pili ndilo zuri zaidi." Akachovya kidole ili aonje. Nikamshika mkono.

Akanitazama usoni. Nilidhani atauliza tangu lini tunajua. Nilidhani atanipiga. Akauliza, "Nani alikula?"

Nikamwambia yote. Akasimama, akaenda bondeni kwa mguu, mimi nyuma yake. Sikudhani alitoka akapiga goti kumwamkia kama kawaida, na baba yako akamwambia, "Usinipigie goti, mama. Niambie watoto." Sikudhani akalia. Akasema waliyamwaga, hakuna aliyeonja, harufu ilijaza nyumba. Kisha akaniambia mimi, "Ungeniuliza peke yako ningekwambia siku ile ile, Damari. Ulikuja naye. Ningemwambiaje mzee wangu, na daftari kalishika yeye?"

Njiani baba yako alisema alijua pua imekufa. Alikuwa anaomba kila siku irudi, na kila siku ananusa akitumaini. Alidhani amejificha vizuri.

Sasa sikia. Pua ninayo. Miaka miwili nimekuwa nachambua nyuma yake, na hakuna mbegu mbovu inayonipita. Niwekeni mimi nionje, madumu ya dizeli yafungiwe kwingine, tuwaombe watu radhi kwa jina na kwa tukio, na watarudi. Sikudhani mwenyewe amesema atarudi na ataleta na wenzake. Mashine inaweza kupona. Lakini lazima hilo lisemwe Jumamosi kikaoni, na katika ukoo wetu mwanamke aliyerudi kwao hasemi mpaka mtoto wa kiume wa nyumba hiyo amwombee nafasi. Baba yako hawezi kuniombea, yeye ndiye anayejadiliwa. Umebaki wewe peke yako.

Ni sentensi moja tu, Christopher. "Naomba shangazi asikilizwe." Panda basi la Ijumaa. Nakuomba kwa tumbo lililokuzaa.

Damari


Manyoni
28 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa yote. Nimelia.

Nimeingiza kila kitu safari hii, sijakata tawi lolote. Jibu limenyooka kuliko yote ya nyuma, na linafanana na lako: wewe uwe mwonjaji, madumu ya mafuta yapakwe rangi yake, wateja waombwe radhi waziwazi, kikao kiombwe msimu mmoja wa majaribio. Imeniandikia hata hotuba fupi ya kutoa. Nimeinakili kwa mkono kwenye karatasi nyingine ili uisome vizuri. Imesema nafasi ya kufaulu ni kubwa endapo atakayesimama ni mtu anayeheshimika na familia.

Kuja sitaweza. Mwisho wa mwezi tunahesabu mpunga ghalani na ruhusa ni ngumu. Ningepiga simu, lakini atapokea baba, na nitamwambia nini? Wewe simama tu, Shangazi. Siku hizi mambo yamebadilika, wanawake wanaongea popote.

Nakuombea.
Christopher


Ulemo
3 Septemba 2025

Christopher,

Sisi tupo. Barua yako ilikaa kwa Deo, imenifikia jana, Jumanne. Kikao kilikuwa Jumamosi.

Walikuja kumi na wanne. Stefano akasoma hoja yake. Baba yako akasimama kabla hajaulizwa, akasema, "Pua yangu imekufa. Nilikaribia kuwalisha watoto wa mtu sumu. Watu hawakunikimbia kwa chuki, waliniheshimu." Akakaa. Stefano akasema basi, hata mwenyewe amekiri mashine haina mtu, kuna mwenye neno?

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Neno nilikuwa nalo, lile lile uliloniandikia, sikulihitaji kutoka kwa mnemba wako. Nikasema, "Kaka Stefano." Akasema, "Mama, tutakunywa tukimaliza." Nikasema tena. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Nani wa nyumba hii anamwombea nafasi?" Hakuna aliyenifukuza, mwanangu. Walikuwa tayari kunisikiliza. Wote waligeuka wakatazama kiti chako, nikangoja, nao wakangoja. Kisha wakapiga kura.

Lori linakuja Jumatatu kung'oa mashine. Mimi nakwenda Sepuka kwa Yasinta, binti wa marehemu dada yangu, ana chumba cha kuku ambacho atakisafisha. Sikudhani alikuja Jumapili na magunia mawili na wanawake watano nyuma yake. Niliwaambia wamechelewa, wakasaidia kufunga vyombo.

Hotuba yako ni nzuri. Nimeisoma mara mbili. Aliyeiandika anatujua kuliko wewe.

Baba yako anauliza kama mpunga umeshahesabiwa. Hajauliza lingine. Usinijibu mimi barua hii. Ukiwa na la kusema, yeye yuko hapa mpaka Jumatatu, ameketi, na masikio yake bado mazima.

Damari